Mkono wa Kulia Kwenye Gita: Kwenda na Wimbo wa Mbio Bila Kuumia



Vikundi vingi vya huku kwetu, kuanzia Kitengela na Isinya mpaka Kajiado mjini, vina gita. Mara nyingi ni gita moja tu, lililonunuliwa kwa mchango, na lina kazi nyingi: kwaya ya Jumapili, arusi ya Jumamosi, harambee ya shule, baraza la chifu. Kikundi kikialikwa arusini hupata chochote cha kuweka kwenye mfuko wa kikundi. Kwa hivyo gita hilo si la kuchezea. Ni chombo cha kikundi, sawa na cherehani au tangi la maji.

Lakini kuna lalamiko moja tunalolisikia kila tunapokaa na vikundi hivi. Wimbo wa pole pole unakwenda vizuri. Ukija wimbo wa mbio, ule wa kuruka na kupiga makofi, mpigaji anaanza sawa. Ubeti wa pili mkono unakaza. Ubeti wa tatu ameachwa nyuma, na waimbaji inabidi wamsubiri. Akilazimisha, uzi unakatika, ama mkono unauma hadi siku ya pili.

Na huyu mpigaji ni nani? Ni kijana anayeshona nguo kwenye viwanda vya Athi River. Ni dada anayekata maua kwenye mashamba ya maua. Ni mtu wa machimbo ya mawe, ama ni mtu wa mifugo. Mkono anaopigia gita Jumapili ndio mkono unaomlisha Jumatatu. Akiuumiza, hajapoteza wimbo tu, amepoteza siku ya kazi. Ndiyo sababu tumeamua kulifanyia jambo hili somo zima.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kikundi kitaweza:
– kueleza kwa nini mkono unakaza wimbo unapokwenda mbio;
– kumwonyesha mpigaji namna ya kuweka mkono na kutumia vidole, au piki;
– kutengeneza saa ya jiwe ya kupimia mwendo wa wimbo;
– kupanga mazoezi ya kila siku, hata kama gita ni moja;
– kutambua dalili za mkono unaoumia mapema.

Katika somo hili tunasema "mkono wa kulia" kwa maana ya mkono unaopiga nyuzi. Anayetumia shoto na ageuze. Nyuzi tunazihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, yaani wa kwanza, mpaka ule mnene, wa sita.

1. KASI HAITOKI KWENYE NGUVU

Watu wengi hufikiri kwamba ili upige haraka lazima utie nguvu. Si kweli, na mfano tunao hapa hapa nyumbani. Muulizeni mama yeyote anayekama ng'ombe. Mkono unabana chuchu, maziwa yanatoka, halafu mkono unaachia. Ni pale unapoachia ndipo chuchu inajaa tena. Anayebana bila kuachia hapati maziwa, anapata uchovu na teke la ng'ombe. Mkamaji hodari hukama upesi kwa sababu anajua kuachia.

Gita nalo ni hivyo hivyo. Kila pigo lina sehemu mbili: kugusa uzi na kuachia. Kwenye wimbo wa pole pole, mkono unapata nafasi ya kuachia hata kama hukuufundisha. Kwenye wimbo wa mbio nafasi hiyo inakuwa fupi. Mpigaji asiyezoea kuachia anapiga pigo la pili kabla misuli haijalegea kutoka lile la kwanza, na la tatu juu ya la pili. Mkazo unarundikana. Baada ya ubeti mmoja mkono umekuwa kama ubao.

Jambo la pili ni ukubwa wa mwendo wa kidole. Wacha tufanye hesabu kidogo. Tuseme wimbo una makofi 120 kwa dakika, na mpigaji anapiga mara nne katika kila kofi. Hayo ni mapigo 480 kwa dakika, au 8 kwa sekunde. Kama kidole kinaruka sentimita 3 kutoka kwenye uzi na kurudi, kila pigo ni safari ya sentimita 6. Kwa sekunde moja kimetembea sentimita 48. Lakini kama kinasogea nusu sentimita tu na kurudi, kwa sekunde moja kimetembea sentimita 8. Wimbo ni ule ule na mwendo ni ule ule, lakini kazi imepungua mara sita.

Kwa hivyo mambo ya kushika ni mawili: legeza, na punguza mwendo wa kidole. Mengine yote katika somo hili ni njia za kuyafikia hayo mawili.

2. WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Kupiga gita mbio si jambo geni Afrika Mashariki. Tuna walimu wakubwa ambao hawakuingia darasa lolote la muziki.

Mmoja wao ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, kusini mwa Kongo, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alipiga gita kavu, lisilo la umeme, na kwa mkono wa kulia alitumia vidole viwili tu: gumba na shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, shahada ikaimba juu yake. Mtu akisikiliza bila kuona anaweza kuapa kwamba kuna magita mawili. Baadaye Mwenda aliishi Nairobi kwa muda, akasikika kwenye redio, na wapigaji wengi wa Kenya wakajifunza kwake.

Huko magharibi mwa Kenya kulikuwa na George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963. Mtindo wake unaitwa omutibo, nao pia ni wa gumba na shahada. Pembeni ya gita alikaa mtu mwenye chupa ya Fanta, ile yenye mistari, akiikwaruza ili kushika mwendo. Hakuna ngoma, ni chupa tu, na mwendo haukupotea.

Halafu kuna benga iliyotoka kwa Waluo. Wapigaji wake walichukua sauti za nyatiti, chombo cha nyuzi nane, wakazihamishia kwenye gita. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu na kuigonga kwenye chombo chenyewe anapopiga. Mikono inakimbia, mguu unashika saa. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, na kufariki mwaka wa 2006, alieneza benga sana na kundi lake la Shirati Jazz. Majirani zetu Wakamba nao wakaichukua wakaifanya yao. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walivuma mno mpaka Kakai alipofariki mwaka wa 1987. Nyimbo nyingi za kwaya zinazotutoa jasho leo huku Kitengela zimefuata mwendo huo.

Tukiwaangalia wote hawa, tunaona kwamba mkono haukuachwa peke yake na kazi ya kushika saa. Kulikuwa na mlinzi wa mwendo: chupa, au pete ya mguuni, au gumba linalokwenda bila kuyumba. Mkono wenye mlinzi hauna hofu, na mkono usio na hofu haukazi.

3. KUKAA NA KUWEKA MKONO

Kabla ya kidole kugusa uzi, angalieni mambo haya. Mmoja apige, wengine wamtazame.

a) Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Miguu yote iguse chini.

b) Sehemu ya chini ya mkono, karibu na kiwiko, ilale juu ya ukingo wa gita. Gita ndilo linaloubeba mkono. Bega lisibebe kitu.

c) Angalia bega. Likiwa limepanda karibu na sikio, mkazo umeanza tayari. Vuta pumzi, lishushe.

d) Kifundo cha mkono kiwe karibu kunyooka. Kikikunjwa sana kama shingo ya korongo, mishipa inayovuta vidole inasuguana inapopita hapo, na ndipo maumivu yanapoanzia.

e) Vidole vijikunje vyenyewe, kama ulivyoshika yai au nyanya iliyoiva. Usivinyooshe na usivikaze.

f) Unaposimama, ufupishe mkanda ili gita likae pale pale lilipokuwa ulipokuwa umeketi. Vijana hupenda gita lining'inie magotini kwa kuwa linapendeza kwenye picha. Kwa wimbo wa mbio linakunja kifundo vibaya.

Msisahau mkono wa kushoto. Mara nyingi mkono wa kulia unakaza kwa kuwa wa kushoto unabana shingo ya gita kama mtu anayenyonga kuku. Jaribuni hivi: weka kidole juu ya uzi bila kukandamiza, piga, halafu ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi. Hapo ndipo pa kuishia. Nguvu yote inayozidi hapo ni hasara.

4. NJIA YA VIDOLE VIWILI

Njia hii inafaa gita kavu na kikundi kisicho na gita la besi, maana mpigaji mmoja anafanya kazi ya wawili.

Gumba lishike nyuzi za 6, 5 na 4. Shahada ishike za 3, 2 na 1. Gumba litangulie kidogo kuelekea shingo ya gita, shahada ikae nyuma yake. Ukitazama kutoka juu, vidole hivi viwili vinafanya umbo kama mkasi uliofunguka. Vikiwa sambamba vitagongana mwendo ukiongezeka.

Wasomaji wa Kajiado watatuelewa upesi tukitumia mfano wa wimbo wa asili wa Kimaasai. Hauna ngoma wala gita. Olaranyani anaongoza, wenzake wanashika mdundo kwa koo, na mdundo huo haubadiliki hata olaranyani afanye nini. Sasa, gumba ni kundi na shahada ni olaranyani. Kundi likiyumba, kiongozi hana pa kusimama. Kwa hivyo anzeni na gumba.

Zoezi la kwanza: gumba peke yake. Piga uzi wa 5, halafu wa 4, wa 5, wa 4. Kila kofi moja, pigo moja. Endelea dakika tatu bila kusimama. Ukiweza kuzungumza na mwenzako huku gumba likiendelea, umefaulu.

Zoezi la pili: shahada katikati. Gumba kwenye kofi, shahada kati ya kofi na kofi, kwenye uzi wa 2. Gumba, shahada, gumba, shahada. Hapa ona faida yake: mapigo yameongezeka mara mbili, lakini kila kidole kinafanya nusu ya kazi, na kimoja kikipiga kingine kinapumzika.

Zoezi la tatu: shahada itembee. Gumba liendelee vile vile, shahada ibadilishe kati ya uzi wa 3, wa 2 na wa 1. Hapa ndipo wengi huanguka. Kosa si kasi, ni kuhama. Shahada inaruka juu kabla ya kutua kwenye uzi mwingine. Ifundishe isogee pembeni kama mtu anayehama kiti kanisani, bila kusimama wima.

Kidole kivute uzi kwa ncha na kurudi. Kisichimbe chini ya uzi. Kama uzi unagonga mbao na kulia "kra", kimechimba sana. Kucha ya shahada ikiwa ndefu kidogo inasaidia, lakini anayefanya kazi ya jembe au ya mawe kucha zake hukatika, na hakuna ubaya, nyama ya ncha ya kidole inatosha.

5. NJIA YA PIKI

Kwenye gita la umeme, ama pale kikundi kina mpiga besi wake, wengi hutumia kile kipande kidogo cha plastiki ambacho vijana wanakiita piki.

Piki ikae kati ya gumba na ubavu wa shahada. Ncha inayojitokeza iwe ndogo, isizidi urefu wa punje ya mahindi. Ikijitokeza sana inanasa kwenye uzi kama jembe kwenye mizizi. Ishike kwa nguvu ya kutosha isianguke, basi. Iinamishe kidogo ili iteleze juu ya uzi badala ya kuupiga kofi la uso.

Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kiwiko. Hebu fanyeni hivi sasa hivi: nawa mikono, halafu kung'uta maji. Umeona jinsi kifundo kilivyolegea? Huo ndio mwendo, ila sasa uufanye mdogo mno. Mpigaji anayetumia kiwiko atachoka kabla ya kiitikio cha pili, kwa kuwa anabeba mkono mzima kwa kila pigo.

Sheria kubwa ya piki ni chini, juu, chini, juu. Wengi wanaoachwa nyuma hupiga chini, chini, chini. Kila wanapopiga chini ni lazima warudi juu bure, bila sauti. Yaani nusu ya safari zao hazina abiria. Ukipiga chini kwenye kofi na juu katikati ya makofi, matatu inakwenda imejaa na inarudi imejaa.

Zoezi: uzi mmoja tu, chini juu chini juu, mapigo manane, kisha uzi unaofuata manane, halafu manne manne, kisha mawili mawili. Sikiliza kama pigo la juu lina sauti sawa na la chini. Mwanzoni huwa dhaifu. Usilitie nguvu. Punguza sauti ya lile la chini mpaka yalingane.

6. SAA YA JIWE

Wapigaji wa mijini hutumia chombo cha kupima mwendo, na leo kuna simu zinazowekwa programu ya kugonga mdundo. Kama ipo, itumieni. Kama haipo, ama betri imekwisha, kuna njia isiyo na gharama: kamba na jiwe.

Fungeni jiwe dogo kwenye kamba nyembamba. Ifungeni kamba kwenye tawi, ama msumari wa dari, mahali jiwe litakapoweza kuning'inia bila kugusa kitu. Pimeni urefu kutoka pale kamba ilipofungwa juu hadi katikati ya jiwe. Livuteni jiwe kando kidogo tu, kama upana wa kiganja, mliachie. Kila linapopita katikati ni kofi moja.

Jambo la ajabu ni kwamba uzito wa jiwe haubadilishi mwendo. Jiwe kubwa na dogo kwenye kamba za urefu mmoja yatakwenda sawa. Kinachobadilisha ni urefu. Kamba ndefu ni pole pole, fupi ni haraka. Vipimo ni hivi:

Makofi 60 kwa dakika: sentimita 99
Makofi 70: sentimita 73
Makofi 80: sentimita 56
Makofi 90: sentimita 44
Makofi 100: sentimita 36
Makofi 110: sentimita 29
Makofi 120: sentimita 25
Makofi 130: sentimita 21
Makofi 140: sentimita 18

Mnaweza kufunga mafundo kwenye kamba moja katika vipimo hivi, kisha mkaitundika kwa fundo mnalolitaka. Jiwe litapunguza kuyumba baada ya muda. Mmoja awe anasukuma tena taratibu.

Kujua mwendo wa wimbo wenu, waimbaji waimbe kama kawaida na mtu apige makofi. Hesabu makofi kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Makofi 30 ni mwendo wa 120. Andikeni kwenye daftari la kikundi mwendo wa kila wimbo. Huenda mkagundua jambo: wimbo mlioanza na 110 unaishia 130. Basi si mpigaji aliyeachwa nyuma. Ni waimbaji waliokimbia, na mpigaji amekuwa akilaumiwa bure.

7. NGAZI YA MAZOEZI

Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Mkono hujifunza ukilala na kuamka, kama unga wa chapati unaohitaji kukaa kabla ya kusukumwa.

Hatua ya 1 (dakika 3): Nyoosha na kukunja vidole, zungusha kifundo, kung'uta mkono. Kama ni asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, pasha mikono moto kwanza.

Hatua ya 2 (dakika 5): Gumba peke yake, ama piki kwenye uzi mmoja, kwa mwendo wa 60.

Hatua ya 3 (dakika 7): Panda ngazi. Chukua kipande kifupi cha wimbo, si wimbo mzima. Kipige kwa mwendo ambao unaweza mara tano mfululizo bila kosa. Ndipo ufupishe kamba kwa fundo moja. Ukikosea mara mbili, rudi fundo moja nyuma. Usiruke fundo. Anayeruka ngazi huufundisha mkono wake makosa, na mkono haujui kosa na sahihi, unashika tu kile unachorudia.

Hatua ya 4 (dakika 3): Mbio fupi. Piga mapigo manne tu kwa mwendo kamili wa wimbo, kisha simama, uachie mkono mpaka jiwe lipite mara nne. Rudia. Hatua hii ni muhimu kwa sababu mtu anaweza kupiga pole pole kwa vidole vinavyoruka juu na asijue. Mbio fupi zinamwonyesha ni mwendo mdogo kiasi gani unahitajika, bila kumpa nafasi ya kukaza.

Hatua ya 5 (dakika 2): Malizia na wimbo rahisi unaoupenda, pole pole, mkono ukiwa umelegea. Mkono ukumbuke hali hiyo mpaka kesho.

Pole pole ndio mwendo, wazee walisema. Kwenye gita si mawaidha tu, ndiyo njia yenyewe.

8. GITA MOJA, WATU SITA

Hili ndilo swali la kila kikundi. Msikae mkisubiri zamu. Gawaneni kazi:

– mmoja apige gita;
– mmoja aangalie jiwe na kuhesabu;
– mmoja atazame bega na kifundo cha mpigaji, na kumgusa bega linapopanda;
– mmoja akwaruze chupa au apige makofi;
– wawili wafanye zoezi la gumba na shahada juu ya paja au meza.

Baada ya dakika tano badilishaneni. Zoezi la kwenye paja si mchezo wa watoto. Mwendo wa mkono wa kulia unaweza kujifunzwa bila gita kabisa. Mnaweza pia kupigilia misumari kwenye ubao na kufunga nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki, mbili nene na mbili nyembamba. Hautaimba vizuri, lakini vidole havijui tofauti.

Tunawaomba pia akina dada wasiachwe kwenye kupiga makofi tu. Kasi, kama tulivyoona, haihitaji misuli. Inahitaji mkono unaojua kubana na kuachia, na mkamaji anaujua tayari.

9. MKONO UKIUMA

Uchovu ni kitu kimoja, maumivu ni kitu kingine. Uchovu huisha ukipumzika dakika chache. Maumivu hubaki. Usiseme "nitajikaza". Simama ukiona haya:

– maumivu makali kwenye kifundo au sehemu ya chini ya mkono unapopiga;
– uvimbe, au sauti ya kukwaruza ndani ya kifundo;
– ganzi au kuwashwa kama sindano kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku. Hiyo ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo;
– vitu kuanza kukuponyoka mkononi.

Pumzisha mkono siku kadhaa, na ukianza tena anza na mwendo wa 60. Ganzi isipoisha, au maumivu yakiendelea, nenda kituo cha afya na umweleze mhudumu kazi yako ya mchana pamoja na gita. Aliyeshinda siku nzima akishona, akikata maua au akipasua mawe ameshautumia mkono huo huo. Siku hiyo afanye dakika kumi badala ya 20, na kikundi kisimdharau.

Viongozi wa vikundi, hapa pana wajibu wenu. Arusi ya saa sita na mpigaji mmoja si haki. Wekeni wapigaji wawili wanaopokezana, na pangeni nyimbo ili baada ya wimbo wa mbio uje wa pole pole. Mkono wa mtu ndio shamba lake. Kikundi cha kujisaidia hakiwezi kujisaidia kwa kuliharibu shamba la mmoja wao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nyimbo gani ambazo mpigaji wetu huachwa nyuma? Tumepima mwendo wake mwanzoni na mwishoni?
2. Nani katika kikundi chetu ndiye mlinzi wa mwendo? Kama hayupo, nani anaweza kupewa kazi hiyo?
3. Mpigaji wetu anafanya kazi gani mchana? Je, mkono wake una nafasi ya kupumzika?
4. Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kumpokea akichoka? Tufanye nini waongezeke?

KAZI YA MWEZI HUU

Tengenezeni saa ya jiwe. Chagueni wimbo mmoja tu wa mbio, muuandike mwendo wake kwenye daftari, na muupande ngazi fundo kwa fundo kwa wiki nne. Kila Jumamosi andikeni fundo mlilofikia na jina la kila aliyejaribu, si mpigaji mkuu peke yake. Mwisho wa mwezi, pigeni wimbo huo mbele ya kikundi kizima, halafu mwulizeni mpigaji swali moja: mkono uko namna gani?

Akijibu kwamba angeweza kuendelea na wimbo mwingine, mmefaulu.